Wanachuo na Kumbukumbu ya Waliokufa Vitani

Madeni yote ya binadamu yana mdai wake, isipokuwa moja. Mwenye kudaiwa fedha hufuatwa mlangoni. Mwenye kudaiwa shukrani na jirani huonana naye kisimani au sokoni, na haya humkumbusha wajibu wake. Bali mwenye kudaiwa na wafu hafuatwi na mtu. Wadai wake wamelala chini ya udongo. Hawana kinywa cha kudai wala miguu ya kujia. Kwa sababu hiyo deni la waliokufa ni kipimo chema cha uungwana, maana hulipwa na yule tu alipaye pasipo kushurutishwa.

Nchini Tanzania deni hili limetengewa siku yake. Tarehe 25 Julai ya kila mwaka ni Siku ya Mashujaa. Rais wa nchi huweka mkuki na ngao penye mnara wa kumbukumbu. Mkuu wa Majeshi huweka sime. Wengine hufuata kwa shada la maua, kwa upinde na mshale, na kwa shoka. Tarumbeta hulia, watu husimama kimya, na viongozi wa dini mbalimbali huwaombea dua marehemu. Kwa miaka mingi jambo hili lilifanyika katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Baadaye limefanyika Dodoma pia. Silaha zile zinazowekwa hazitumiki tena vitani, lakini zina maana. Zinaifanya kumbukumbu irudi nyuma mbali, iwafikie hata waliokufa na mikuki mikononi kabla taifa halijapata jina wala bendera.

Swali linalostahili kuulizwa ni dogo kwa sura na kubwa kwa maana: siku kama hiyo inamdai nini mtu ambaye kazi yake ni kusoma?

Ukweli hauna haja ya kufichwa. Kwa wanachuo walio wengi tarehe 25 Julai hupita kama upepo juu ya paa. Si siku ya mapumziko kisheria, na aghalabu huangukia majira ya mitihani au ya likizo, wakati ambapo kila mmoja ana haraka ya kumaliza au ya kuondoka. Hata hivyo wingi wa shughuli hauelezi kila kitu, kwani siku za michezo na za ngoma hazikosi watu hata mitihani ikiwa mlangoni. Mtu hupata nafasi ya jambo analolithamini. Na wahenga walisema kweli kwamba asiyekujua hakuthamini.

Wakipimwa kwa haki, wanachuo katika siku hiyo ni makundi matatu. Kundi la kwanza ni la wasiojua kuwa siku imefika. Kundi la pili ni la wanaojua, wakasimama pamoja na wenzao, wakanyamaza dakika moja huku mawazo yao yakiwa kwenye chakula cha mchana. Kundi la tatu ni la wanaojua na kukataa kwa hoja. La kwanza lina kosa la kusahau na la pili lina kosa la kuigiza. La tatu lina haki ya kusikilizwa, kwa maana mtu akataaye kwa hoja amekwisha kulitazama jambo, na kutazama ni mwanzo wa heshima.

Hoja za kundi hilo ni tatu. Kwanza, husema kuwa wafu hawasikii, kwa hiyo heshima inayotolewa juu ya makaburi ni kelele za walio hai kwa walio hai. Pili, husema kuwa sherehe za mashujaa ni za wenye mamlaka. Wale ambao vyeo vyao huweza kupeleka watu vitani ndio husimama mstari wa mbele kuwalilia. Tatu, husema kuwa si vita vyote vilikuwa vya haki, wala si wote waliokufa walikwenda kwa hiari. Kumwita shujaa mtu aliyekamatwa shambani kwake akafungwa kamba ni kumdhulumu mara mbili. Mara ya kwanza alinyang'anywa uhai wake. Mara ya pili ananyang'anywa malalamiko yake.

Hoja ya kwanza ni nyepesi. Mtoto mchanga naye hasikii jina analopewa, lakini hapana jamii inayoacha kumpa. Jina si kwa ajili ya masikio yake ya leo. Ni kwa ajili ya watu watakaoishi naye. Vivyo hivyo heshima ya marehemu huwatengeneza wanaobaki. Hoja ya pili ni nzito kidogo, lakini haifiki inakotaka kwenda. Sadaka ikitolewa na mtu mwenye kujionyesha, kosa ni la mtoaji. Haki ya maskini kula haiondoki. Ikiwa mkono wa mwenye cheo umeweka shada kwa majivuno, hiyo ni sababu ya mwanachuo kuweka la kwake kwa unyenyekevu, si sababu ya kaburi kukaa tupu.

Hoja ya tatu haijibiwi kwa mfano wa maneno. Inataka kupelekwa mahali, na mahali penyewe hapako mbali. Mwanachuo wa Mlimani atakaye viatu, kitambaa au shuka kwa bei nafuu hupanda daladala akashuka Kariakoo. Jina hilo hulitamka kila siku pasipo kulisikia. Asili yake ni maneno mawili ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi, yaliyolainishwa na ulimi wa Kiswahili. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, mahali pale palikuwa kambi ya wapagazi wao. Nairobi nayo ina mtaa wenye jina la asili hiyohiyo, Kariokor. Basi watu hununua na kuuza, hucheka na kugombana bei, juu ya jina la jeshi ambalo wengi wao hawajui kuwa lilipata kuwako.

Vita vile vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vita vya wakubwa wa Ulaya, lakini wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika Afrika Mashariki njia za magari zilikuwa chache, na farasi na punda waliuawa na mbung'o. Mizigo ya jeshi, risasi na chakula na hema na majeruhi, ilibebwa na binadamu vichwani na mabegani. Kwa upande wa Waingereza peke yake wapagazi walioandikwa walikaribia milioni moja, na wengi wao hawakuulizwa kama wanataka. Waliokufa, kwa hesabu za Waingereza wenyewe, walikaribia 100,000. Wachache kati yao waliuawa na risasi. Kuhara damu, malaria, ugonjwa wa mapafu na njaa ndivyo vilivyowamaliza. Watu waliozoea ndizi walilishwa unga wa mahindi usiopikwa ukaiva, na matumbo yao yakashindwa. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na hao walihesabiwa kwa uchache zaidi.

Katikati ya jiji, kwenye Barabara ya Samora, imesimama sanamu ya shaba ya askari wa Kiafrika, iliyozinduliwa mwaka 1927. Bunduki yake ina singe, na ncha yake inaelekea bandarini. Chini yake pana maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yale ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Maandishi hayo yanawataja askari waliopigana, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Tena yanatoa ahadi: kwamba apiganaye kwa ajili ya nchi yake, hata akifa, wana wake watalikumbuka jina lake. Ahadi ilichongwa, lakini majina hayakuchongwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au huenda hawakukumbukwa kabisa. Taarifa hiyo ilikiri pia kwamba chanzo cha jambo hilo kilikuwa ubaguzi na fikira za kikoloni za zama zile.

Hapa ndipo hoja ya tatu inapogeuka na kumkabili mwenyewe aliyeitoa. Asemapo kuwa mpagazi hakuwa shujaa wa hiari, asema kweli. Lakini akihitimisha kwamba kwa hiyo siku ya kumbukumbu haimhusu, atakuwa amekubaliana bila kukusudia na karani aliyeona kuwa jina la mpagazi halistahili jiwe. Mmoja alimsahau kwa kumdharau. Mwingine anamsahau kwa kumhurumia. Njia ni mbili, lakini zote zinafika kwenye kaburi lilelile lisilo na jina.

Dawa ya kosa hili ni kutenganisha mambo mawili ambayo sherehe huyachanganya, nayo ni sifa na heshima. Sifa hupewa mtu kwa alilotenda. Heshima hupewa kwa sababu alikuwa mtu. Mpagazi aliyekufa kwa kuhara damu kando ya mto pengine hana tendo la kusifiwa. Ana haki nyingine, nayo ni haki ya kujulikana: alitwaliwa wapi, na nani, alibeba nini, alikula nini, alikufa wapi, na nani alimngojea nyumbani hadi akachoka kungoja. Hata askari aliyetumikia Wajerumani akaja kuwapiga ndugu zake katika Vita vya Majimaji ana haki hiyo. Huyo kujulikana kwake kutaumiza, lakini Mgala muue na haki yake mpe. Kumbukumbu isiyoweza kubeba uchungu haifai kuitwa kumbukumbu; ni pambo.

Ikiwa haki ya marehemu ni kujulikana, basi ni wazi nani anadaiwa kuliko wengine. Askari hulipa deni kwa saluti, shehe na padri kwa dua, na mama kwa machozi. Mwanachuo anadaiwa kwa mali aliyo nayo, na mali yake ni elimu.

Historia ya chuo cha Dar es Salaam ina mfano wa kila upande. Chuo hicho kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, jirani kabisa na Mnazi Mmoja. Ndipo baadaye kikahamia Mlimani. Mwezi wa Oktoba 1966 wanachuo waliandamana kwenda Ikulu kulipinga sharti la kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, ambayo sehemu yake kubwa ingekuwa kwa mshahara uliopunguzwa. Hawakukosa hoja, kwani kila raia ana haki ya kuuliza serikali yake inamtaka nini na kwa nini. Lakini katika mabango yao lilikuwamo lililodai kwamba hali ilikuwa nafuu wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawajibu kwa hasira, akawarudisha makwao karibu wanachuo 400, na papo hapo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe. Wengi wao walipokewa tena baadaye.

Watu wameijadili adhabu ile kwa miaka mingi, kama ilikuwa ya haki au ilizidi. Jambo la kutazamwa hapa ni bango. Aliyeliandika pengine alikuwa na hasira tu, wala hakuamini maneno yake. Lakini maneno hayo yasingeandikika katika mkono wa mtu anayejua jina la Kariakoo lilitoka wapi. Wakati ule uliosifiwa ndio ambao vijana wa umri wake walitakiwa watumike, wala hawakutangaziwa mshahara wa kulalamikia, wala hawakupewa mlango wa Ikulu wa kuandamania. Kijana yule hakuwa mtovu wa shukrani kwa tabia. Alikuwa na shimo katika elimu yake, na shukrani ilianguka humo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1968, idara ya historia ya chuo hichohicho ilifanya uchunguzi wa Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Wanachuo walikwenda vijijini katika nchi iliyopigana, wakaketi na wazee, wakauliza na kuandika. Walikwenda kwa wakati. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 15 vita vilipoanza alikuwa na miaka 78 mwaka ule. Miaka kumi zaidi, na vinywa vingi vingekuwa vimefumbwa. Waliyoyaandika yalikusanywa, na mpaka leo hapana awezaye kuandika juu ya vita vile kwa makini akayapita. Wanachuo wale hawakupiga tarumbeta wala hawakuweka ngao. Lakini itakuwa vigumu kutaja shada lililodumu zaidi ya lile lao.

Na kazi ya namna hiyo ina matunda yasiyotazamiwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya wajukuu wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akaomba msamaha. Aliweza kuomba kwa sababu jina halikupotea: kizazi kimoja kilikipa kizazi kingine, kwa kinywa na kwa kalamu. Msamaha hauwezi kuombwa kwa watu wasiojulikana.

Zamu ya leo ni ya vita vingine. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Askari wa Tanzania, na maelfu ya wanamgambo waliotoka mashambani na makazini, walikwenda kuyaondoa, na Aprili 1979 Kampala ilitwaliwa. Baadhi ya waliokufa wamezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba. Kusini, Naliendele karibu na Mtwara, wamelala wengine waliokufa katika miaka ya ukombozi wa Msumbiji. Makaburi hayo yanatunzwa. Lakini kaburi husema jina na tarehe. Halisemi mtu alikuwa na sauti gani, aliacha nini kijijini, wala mwenzake alimwona wapi mara ya mwisho. Mambo hayo yamo vifuani mwa watu walio hai, na kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 amekwisha kupita miaka 65. Wanachuo wa leo wako mahali palepale waliposimama wale wa mwaka 1968, na saa inakwenda.

Achukuliwe mwanachuo mmoja aliyekwenda likizo kwao, ambaye babu yake alikuwa mwanamgambo. Tangu utoto amemsikia mzee akisimulia ushindi, na amechoka kusikia. Jioni moja anamwamkia, anaketi kwenye mkeka, na badala ya kungoja hadithi ileile anauliza:

"Babu, mlipokwenda Kagera, nani alikuwa karibu nawe ambaye hakurudi?"

Huenda mzee akanyamaza kwa muda mrefu. Huenda kisha akasema: "Mjukuu wangu, miaka yote hii watu wananiuliza tulishindaje. Hapana aliyepata kuniuliza hilo." Na huenda akataja jina, na kijiji, na wimbo ambao mwenzake alipenda kuuimba, na deni la shilingi chache ambalo hakuwahi kumlipa. Mwanachuo ataandika. Jambo hilo halitahitaji kibali, wala gwaride, wala siku ya mapumziko. Lakini mtu mmoja atakuwa ametolewa katika hesabu ya wasiojulikana, na mwanachuo mwenyewe hatakuwa tena mtu wa kupitiwa na tarehe 25 Julai kama upepo.

Haya hayana maana ya kuzidharau sherehe. Kimya cha dakika moja ni chombo chema, lakini ni chombo. Thamani yake hutegemea kilichotiwa ndani. Asiyejua hunyamaza kama jiwe linavyonyamaza. Ajuaye hata jina moja hunyamaza kama mtu aombaye. Chuo kitakachotaka wanachuo wake waiheshimu siku hiyo hakitafika mbali kwa kuwahesabu waliohudhuria na kuwakemea waliokosa, kwa sababu haja ya kuhesabiwa huongeza kundi la pili, la waigizaji. Kitafika mbali zaidi kikiwapa swali la kwenda nalo nyumbani wakati wa likizo, na siku ya kulijibu mbele ya wenzao watakaporudi.

Na mwenye hoja ya tatu, yule asiyetaka uongo usemwe juu ya makaburi, ndiye anayehitajika kuliko wote katika kazi hii. Uchungu wake dhidi ya sifa za bure ni kifaa kizuri, ikiwa atautumia kutafuta ukweli badala ya kuutumia kukaa nyumbani. Akikataa kumwita mpagazi shujaa, na akataye. Lakini amwite kwa jina lake.

Ile ahadi iliyo chini ya sanamu ya askari ilitolewa na wageni, juu ya watu ambao hawakuwajua, kwa niaba ya wana ambao hawakuulizwa. Haiwafungi kisheria. Yeyote apitaye pale akienda sokoni au maktaba anaweza kupita bila kuinua macho, na hapana atakayemfuata mlangoni kumdai. Lakini wana waliotajwa pale ndio hawa wanaopita, na wanajua kusoma.